Msumari Usio na Picha

Kila siku ya kubadilisha maonyesho ilianza vivyo hivyo. Timazi alifungua mlango wa nyumba ya sanaa, akaning'iniza mkoba wake, akajifunga kitambaa kichwani ili vumbi la plasta lisimwingie kwenye nywele, kisha akasimama katikati ya ukumbi mikono kiunoni, akazitazama kuta kama mama anavyomtazama mtoto aliyerudi nyumbani na shati chafu.

Timazi halikuwa jina lake. Alilipata pale pale kazini, jina la kile kipimo cha waashi cha kunyooshea ukuta, kwa sababu alitundika picha bila pima maji wala uzi. Alifumba jicho moja, akagonga msumari, akarudi nyuma hatua chache, na picha ilikuwa imenyooka. Waliokuja na vifaa vyao ili wamkosoe waliondoka kimya.

Nyumba ile zamani ilikuwa ghala la vitambaa. Watu wa mtaa waliisafisha wenyewe, wakaipaka rangi nyeupe, wakasema kila mwenye mkono wa kuchora, kufinyanga au kudarizi atapata zamu yake ya kuonyesha kazi zake. Ilikuwa na ukumbi mmoja mkubwa, stoo, jiko dogo la kuchemshia chai, na korido ndefu. Kazi ya Timazi ilikuwa kutundika maonyesho mapya na kushusha yaliyokwisha.

Kushusha kulikuwa na utaratibu wake. Picha zote hutolewa kwanza na kuegemezwa sakafuni. Kuta zikishabaki tupu, mtundikaji huweka kiganja ukutani, hutaja jina la msanii, na kusema, "Tumekuona. Imetosha. Nenda salama." Ndipo huziba matundu ya misumari, akapiga msasa, akapaka rangi.

Aliyemfundisha hayo ni Mzee Gundi, mtundikaji wa kwanza wa nyumba ile, ambaye siku hizo alikuwa bado na nguvu za kupanda ngazi.

"Picha zikiwa bado zimetundikwa, maneno hayo usiyaseme," alimwambia.

"Kwa nini, Mzee?"

"Utakuwa unamuaga mtu ambaye hajaondoka."

"Sasa kuna ubaya gani? Si atasema tu, bado nipo."

"Atasema," Mzee Gundi alijibu. "Ila nani atamsikia?"

Timazi alicheka, akidhani mzee anamtania. Mzee Gundi hakucheka. Alimshika mkono, akampeleka kwenye korido.

Korido ile ilikuwa kumbukumbu ya maonyesho yote yaliyopita. Kila msanii, zamu yake ikiisha, aliacha kitu kimoja kidogo cha kutundikwa pale. Kulikuwa na kipande cha chungu cha mfinyanzi aliyefinyanga masikio matupu, masikio ya kila aina, hadi watu wakawa wanatafuta ya kwao. Kulikuwa na kona ya shuka la mabibi waliodarizi ndoto zao. Kulikuwa na mchoro wa fundi viatu aliyechora miguu ya wateja wake na kukataa katakata kuchora nyuso, akisema nyuso yeye hazijui. Watoto wa shule walipoletwa kutembea, Timazi ndiye aliyewasimulia hayo yote, nao walimsikiliza midomo wazi.

Lakini kati ya shuka la wale mabibi na miguu ya fundi viatu palikuwa na msumari mtupu. Chini ya msumari ule ukuta ulikuwa mweupe zaidi kuliko mahali pengine, umbo la mraba, kama inavyokuwa pale kitu kilipotundikwa muda mrefu kikaondolewa.

"Hapa palikuwa na nani?" Timazi aliuliza siku ile.

"Ndilo swali," Mzee Gundi alisema. "Hakuna anayejua."

Timazi alipaka rangi mahali pale mara nyingi baada ya hapo. Rangi ilikauka, alama ikarudi.

*

Timazi naye alichora. Alichora milango: milango ya nyumba za watu, yenye bawaba, mikwaruzo na vitasa vyake, mistari imenyooka kama yeye mwenyewe. Kila mwaka aliomba zamu ya ukumbi, na kila mwaka Msimamizi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimgusa bega kwa upole.

"Mwakani, Timazi. Kazi zako ni safi. Hazina haraka, milango haiozi."

Timazi alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, waliyemwita Kicheko. Ukimsikia anacheka nje ya nyumba ulikuwa unacheka nawe kabla hujajua kisa. Timazi ndiye aliyemfundisha kushika brashi. Alimwekea kidole juu ya kidole, akamwonyesha jinsi ya kuchanganya kijivu bila kutumia nyeusi. Kicheko alijifunza kidogo, akaacha, akajifunza tena, akapotea mwaka mzima na mapenzi ya mwanamume fulani, akarudi akichora. Picha zake zilipinda. Meza zilielea, mabega hayakulingana. Lakini watu wakizipita, walisimama, wakarudi nyuma, wakatazama tena.

Jioni moja alikuja kwa dada yake anahema.

"Dada, kaa kwanza."

"Nimekaa tangu asubuhi. Sema."

"Wamenipa ukumbi."

"Ukumbi wa nini, umepata mchumba?"

"Ukumbi wenu, Dada. Maonyesho. Mimi peke yangu. Msimamizi amekuja mwenyewe nyumbani, Mama alidhani amekuja kushtaki."

Kicheko alicheka, Timazi naye akacheka. Kisha akasema hongera. Neno lenyewe lilitoka likikwaruza, kama mwiba wa samaki, na baada ya mdogo wake kuondoka alikaa kwenye kiti kile kile mpaka chai ikapoa mkononi.

Usimdhanie vibaya bado. Alimpenda mdogo wake. Angekuwa mgonjwa angemuuguza, angekosa nguo angevua yake akampa. Kitu kimoja tu ndicho hakuweza kumpa, ile zamu ya ukumbi, nacho ndicho walichomnyang'anya wakampa mdogo wake.

Na mtundikaji alikuwa nani? Yeye.

"Usiponinyooshea picha zangu nitakusema kwa Mama," Kicheko alimwambia asubuhi ya kutundika, akiwa ameketi kwenye ngazi anatafuna karanga.

"Zimezaliwa zimepinda. Mimi nitanyoosha nini?"

Wakacheka wote wawili.

Picha ya mwisho ilikuwa imefungwa shuka. Kicheko aliifungua mwenyewe. Alikuwa Mama, amekaa dirishani, anatia uzi kwenye sindano, na ncha ya ulimi imetoka kidogo pembeni mwa mdomo, kama alivyofanya maisha yake yote bila kujijua.

Timazi alisogea karibu. Yeye pia alikwisha kumchora Mama, zamani. Alimkalisha kwenye kiti, mikono mapajani, akafanya kazi kwa wiki nyingi. Mama aliitazama picha ile, akaisifu kwa adabu. "Ahsante, mwanangu. Kiti kimetoka vizuri." Kisha akaiweka juu ya kabati, nyuma ya masufuria makubwa.

Timazi alipanda ngazi akagonga msumari wa picha ya dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, alikosea. Msumari ulikwenda pembeni, ikabidi aung'oe agonge mwingine. Likabaki tundu dogo tupu, kando ya fremu.

*

Siku ya ufunguzi watu walijaa mpaka mlangoni. Timazi alipita kati yao na sinia la vikombe vya maji ya matunda. Alisikia sifa kwa masikio yote mawili. Watu wale wale ambao kwa milango yake walisema "safi sana" na kusogea mbele, leo walikuwa wamesimama hawasogei.

Mama alikuwa mbele ya picha yake. Alisimama pale muda mrefu hadi jirani mmoja akamletea kiti, akakataa.

"Huyu ameniona," alisema Mama taratibu, kama anayeongea na picha. "Miaka yote hii. Kumbe kuna mtu ananiona."

Timazi alikuwa nyuma yake kabisa na sinia lake. Mama alinyoosha mkono bila kugeuka, akachukua kikombe. Hakumtazama aliyekishika.

Alasiri Msimamizi akawaita wote uani wapigwe picha ya pamoja. Walitoka kwa vishindo na vicheko. Timazi alisubiri aitwe. Alisikia wanapangana, wafupi mbele, Mama kwenye kiti, Kicheko katikati. Hakuna aliyemwita.

Ukumbi ulikuwa kimya, jua limeingia kwa madirisha ya juu, kila kitu kinaonekana. Aliweka sinia chini. Akaenda mpaka kwenye picha ya dirishani. Picha zote zilikuwa zimetundikwa, hakuna hata moja iliyoshushwa, na alilijua hilo.

Aliweka kiganja ukutani.

Alitaja jina la mdogo wake, jina lake kamili, lile walilompa siku alipozaliwa.

"Tumekuona," alisema. "Imetosha. Nenda salama."

Mfukoni mwa aproni alikuwa na kibonge cha plasta. Alikiminya kwa kidole gumba ndani ya lile tundu tupu, akalainisha.

Ukuta ulikuwa na joto. Si joto la jua. Ulikuwa na joto la mgongo wa mtu.

Uani, kicheko cha mdogo wake kilikuwa kinapanda. Kikakatika. Timazi alikimbia mpaka mlangoni. Wote walikuwa wamejipanga wanamtazama mpiga picha. Kicheko alikuwa katikati yao, mdomo wazi, bado anacheka. Mabega yalikuwa yanatikisika. Sauti haikutoka.

Mpiga picha alishusha kamera, akapunga mkono.

"Haya, sogeeni basi," alisema. "Mzibe hilo pengo hapo katikati."

*

Mwanzoni ilikuwa kama mzaha. Kicheko alisimama kwenye foleni ya duka, muuzaji akamhudumia aliyekuwa nyuma yake. "Leo nimevaa nini, mbona sionekani?" alimwambia dada yake, na walicheka. Ila Timazi aliona kwamba hata mwenye duka hakuomba radhi.

Wageni walioingia ukumbini walitembea kando ya kuta polepole, kama watu wanaotembea kwenye chumba kitupu. Walipofika mwisho waligeuka wakamuuliza Timazi, kwa adabu, maonyesho yajayo yataanza lini.

Na utamu ulikuwepo. Lazima lisemwe. Siku zile za mwanzo Timazi alikuwa anaamka mwepesi. Watu walimsalimu kwa jina lake, wakamuuliza habari za kazi. Alipopita, macho yalimfuata kidogo, kana kwamba mahali fulani kulikuwa na taa imezimwa na yake ikaonekana.

Kisha Msimamizi akaja ukumbini, akavaa miwani, akatazama kuta zote nne.

"Huu ukumbi umekaa mtupu muda gani?" aliuliza.

Timazi alitazama picha. Zilikuwa pale zote.

"Tumejisahau," Msimamizi alisema. "Aibu gani hii. Timazi, ile milango yako bado unayo?"

"Ninayo."

"Basi itundike. Nani mwingine amesubiri kama wewe?"

Timazi angeweza kusema neno. Alisema, "Ahsante." Msimamizi alipoondoka alileta ngazi, akapanda, akaanza kushusha picha za mdogo wake moja baada ya nyingine, akiziegemeza sakafuni vizuri, akijiambia kwamba ni kazi tu.

"Dada."

Kicheko alikuwa amesimama chini ya ngazi. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama inatoka chumba cha pili.

"Dada, kwa nini unazishusha?"

Timazi aliinyanyua nyingine kwenye msumari wake.

"Nimegonga nyumbani," Kicheko alisema. "Mama amefungua mlango. Ametazama barabara, huku na huku. Akafunga. Nimeingia kwa mlango wa jikoni. Amehamishia cherehani chumbani kwangu, Dada. Nguo zangu hazipo. Nimemuuliza. Nimemwita Mama mpaka nimechoka. Akainuka akafunga dirisha, anasema kuna upepo."

Timazi alishuka. Alimshika mdogo wake mikono yote miwili, na pale ndipo utamu wote ulipogeuka uchungu. Mikono ile ilikuwa myepesi. Ilikuwa kama kushika mikono ya nguo iliyoanikwa.

"Wewe unaniona," Kicheko alinong'ona. "Kwa nini wewe tu ndiye unayeniona?"

*

Mzee Gundi alikuwa amestaafu na anaishi peke yake, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya maseremala. Timazi alimkuta mchana anachemsha chai. Mezani kulikuwa na vikombe viwili.

"Shikamoo, Mzee. Una mgeni?"

"Marahaba. Sina." Alivitazama vikombe. "Nimezoea kutoa viwili. Sijui tabia hii niliipata wapi."

Timazi alimweleza yote. Hakujitetea. Mzee alisikiliza, macho yako kwenye mvuke.

"Ulisema picha zikiwa ukutani."

"Ndiyo."

"Ukaziba na tundu."

"Ndiyo, Mzee."

Mzee alipunguza moto chini ya birika. "Mama yenu yuko hai?"

"Yuko."

"Basi bado kuna mlango. Yeye ndiye aliyemwona mwanzo kabla ya mtu yeyote. Mpeleke mdogo wako mbele yake, mshike bega, utaje jina lake, useme: bado hatujakuona, haijatosha, rudi. Maneno matatu tu. Ila uyaseme kwa moyo. Ukibaki na hata kijiko kimoja cha wivu, hayatafika popote."

"Nitaweza."

"Na uwahi. Mama akishatamka kwa kinywa chake kwamba hana mtoto huyo, basi. Hapo imekwisha. Hata jina hutalipata tena."

Timazi alisimama. Mlangoni aligeuka. "Mzee, umeyajuaje haya?"

Mzee Gundi alikuwa anamimina chai kwenye kikombe cha pili. Alisimamisha birika hewani, akatazama mkono wake mwenyewe kama mkono wa mtu mwingine.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Nayajua tu."

*

Walikwenda kwa Mama mchana wa siku iliyofuata. Njiani Timazi alimshika Kicheko mkono kama walivyokuwa wakienda shule. Kivuli cha Timazi kilikuwa kwenye ukuta wa barabara, kinatembea. Cha pili hakikuwepo. Hakumwambia mdogo wake, na mdogo wake alitazama mbele tu.

"Nikirudi," Kicheko alisema, "usiache kunitania, sawa? Usije ukaanza kuniogopa."

"Nikuogope wewe? Wewe unayelala na taa?"

Aliona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka.

Mama alifungua mlango, uso ukamng'aa.

"Ee, mwanangu. Umekuja peke yako, vizuri, tutaongea. Pita ndani."

Mezani kulikuwa na sahani mbili. Kicheko alipita, akakaa mahali pake pa siku zote, kwenye benchi la ukutani chini ya saa, akaegemeza kichwa ukutani kama alivyozoea tangu utotoni. Alimtazama dada yake.

Timazi alisimama kando yake. Akamwekea mkono begani. Jina lilikuwa mdomoni, zima, silabi zote. Akavuta pumzi.

"Subiri nikuonyeshe kitu," Mama alisema.

Aliinama nyuma ya mlango, akainuka na fremu. Ilikuwa ile picha ya zamani, ya kiti. Ilikuwa imefutwa vumbi.

"Nilikuwa napanga kabati," Mama alisema. "Nimekaa nayo wiki nzima. Sijui kwa nini niliificha. Ulinichora vizuri, mwanangu. Hii shingo, huu mkono wenye kovu. Ulikuwa mdogo, na bado uliniona hivi."

Mkono wa Timazi ulikuwa begani mwa mdogo wake. Jina lilikuwa mdomoni. Alitakiwa kulitoa tu.

Ila alikuwa amesubiri sana. Tangu siku alipoishika brashi kwa mara ya kwanza alikuwa amesubiri sauti ile, kwa neno lile, kutoka kinywa kile. Hakuwa anaomba yote. Alitaka ayasikie vizuri, mara moja zaidi, kisha afanye alichokuja kufanya.

"Sema tena, Mama," alisema.

Chini ya kiganja chake alihisi Kicheko akigeuza shingo amtazame.

Mama alitabasamu. Aliweka picha mezani, akaja akamshika mashavu.

"Nasema umeniona. Na ningeonwa na nani tena? Mtoto ni wewe mmoja. Sina mwingine."

Chini ya kiganja pakawa baridi.

Timazi alitazama. Mkono wake ulikuwa umeshika mbao ya benchi.

Alifungua mdomo. Aliita. Alisema bado hatujakuona, alisema haijatosha, alisema rudi, rudi, rudi, akapiga magoti akikumbatia benchi, na kila alipofika mahali pa kutaja jina palikuwa na shimo. Alilijua lilianza na nini. Kisha hakulijua hata hilo.

"Mwanangu," Mama alinong'ona, ameogopa. "Unaongea na nani?"

*

Maonyesho ya milango yalifanyika. Watu walikuja, wakasimama, wakarudi nyuma wakatazama tena. Walimpongeza sana. Yalipokwisha, Timazi aliacha mlango mmoja mdogo kwenye korido, kama desturi, akaugongea msumari mwisho wa mstari.

Kesho yake Msimamizi alimwita.

"Mbona umegonga misumari miwili?"

Alikuwa amegonga mmoja. Wa pili ulikuwa pembeni yake, umepinda kidogo, na chini yake ukuta ulikuwa mweupe.

Timazi hazungumzi sana siku hizi. Anafanya kazi yake vizuri, na watoto wa shule wakija bado anawasimulia habari za masikio ya udongo na miguu isiyo na nyuso. Wakifika kwenye misumari mitupu wanamuuliza, nani alikuwa hapa. Anawaambia watazame kwa muda mrefu kabla hawajasogea. Hawaelezi sababu.

Mama yake yuko salama. Anashona. Picha ya kiti imetundikwa sebuleni, imenyooka. Kila Timazi akimtembelea anakuta kopo la rangi mlangoni, maana kuna mahali sebuleni ambapo rangi haishiki. Ni pale kwenye benchi, chini ya saa. Ukuta wote umekuwa wa manjano kwa miaka ya moshi wa jikoni, isipokuwa hapo tu, ambapo pana weupe wa mabega ambayo hayakulingana, na juu yake weupe wa kichwa kilichoegemea.

Timazi anapaka. Rangi inakauka. Alama inarudi.

Juzi Mama aliacha cherehani, akaja kusimama nyuma yake akiangalia brashi inavyokwenda. Alikuwa na sindano mkononi, na ncha ya ulimi imetoka kidogo pembeni mwa mdomo.

"Hivi hapa palikuwa na nini?" aliuliza.

"Hapakuwa na kitu, Mama."

Mama alinyoosha mkono, akaweka kiganja katikati ya ule weupe. Akakiacha hapo.

"Pana joto," alisema. "Kama vile mtu ameinuka sasa hivi."